Dramu Ndogo ya Kujitengenezea: Kasoro Zinazojirudia, Chanzo Chake na Namna ya Kuziondoa

Dramu inayozungumziwa hapa ni ile inayoingia nyuma ya teksi ya abiria 14 bila kulipiwa viti vya ziada: besi ya inchi 16 au 18 iliyogeuzwa kutoka tomu ya sakafuni (tomu ni ngoma isiyo na nyaya), sneya ya inchi 12 au 13 (ngoma yenye nyaya upande wa chini), tomu moja ya inchi 10, hai-hati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu), na toazi moja au mawili. Kwa kanisa dogo, ukumbi wa shule au bendi ya harusi inatosha kabisa, mradi imeundwa vizuri.

Malalamiko mengi kuhusu seti hizi yana mzizi mmoja. Kifaa kilichopimwa kwa ngoma kubwa kimefungwa kwenye ngoma ndogo, na aliyekifunga hakupima upya. Kwa hiyo shika rula kabla ya kushika drili. Tundu likishatobolewa kwenye mzinga halirudi.

Weka karibu ufunguo wa dramu, rula ya chuma, tochi, penseli, karatasi ya kawaida na kipande cha kioo bapa kinachozidi upana wa ngoma. Katika maelezo haya mzinga ni mwili wa mbao, kiwambo ni ile ngozi ya plastiki, ukingo ni mdomo wa mzinga unaobeba kiwambo, pete ni duara la chuma linalokibana, na lagi ni vishikio vinavyopokea bolti za kukaza.

Besi inalia kama tomu, haina kishindo

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: kiwambo kimekazwa kupita kiasi. Legeza bolti zote kabisa, kisha zikaze kwa vidole tu hadi zigome. Chukua ufunguo, zungusha kila bolti nusu mzunguko, ukivuka upande wa pili kila mara badala ya kufuata duara. Mikunjo ikiisha, simama. Kiwambo cha mbele kiwe juu kidogo ya hapo, robo mzunguko kwa kila bolti. Jaribu sauti ukiwa umesimama hatua tano mbele ya ngoma, maana anayepiga husikia zaidi mlio wa kugongwa kwa kiwambo kuliko kishindo chenyewe.

Pili, kiwambo chenyewe. Tomu ya sakafuni mara nyingi huja na kiwambo cha tabaka moja, chenye unene wa karibu milimita 0.25, nacho huimba muda mrefu. Besi inataka tabaka mbili, hasa kile chenye pete ya kuzima sauti pembezoni. Ukikikosa madukani, kata pete ya upana wa sentimita 3 kutoka kiwambo kilichochakaa, uibandike kwa tepu upande wa ndani, ikizunguka ukingo. Kama bado inaimba, kunja taulo dogo la mkono, liweke ndani liguse robo ya chini ya kiwambo kinachopigwa. Mto mzima haufai: besi ya inchi 16 ina hewa kidogo, na mto unaimaliza yote.

Tatu, nyundo ya pedali haipigi katikati. Pedali nyingi zimesanifiwa kwa besi ya inchi 22, ambayo kitovu chake kiko inchi 11 kutoka sakafuni, yaani karibu sentimita 28. Kitovu cha besi ya inchi 16 ikilala sakafuni kiko inchi 8 tu, sentimita 20. Nyundo basi inagonga sentimita 8 hivi juu ya kitovu, karibu na ukingo, mahali penye mlio mwembamba. Unaweza kushusha fimbo ya nyundo, lakini ikishuka sana pedali inakuwa nyepesi na inapoteza nguvu. Dawa ya kweli ni kuinua ngoma: sentimita 7 hadi 8 kwa besi ya inchi 16, sentimita 5 kwa ya inchi 18. Namna ya kuinua imo katika kasoro inayofuata.

Nne, tundu la kiwambo cha mbele ni kubwa mno. Kwa inchi 16 usizidi kipenyo cha sentimita 10, na likae pembeni, mdomo wake ukiwa sentimita 4 au 5 kutoka kwenye pete. Usilikate kwa wembe. Chukua kopo la chuma la kipenyo hicho, lipashe moto, likandamize kwenye kiwambo mara moja. Ukingo ulioyeyuka hauchaniki, ilhali uliokatwa kwa kisu huanza kupasuka baada ya muda. Fanyia kazi hiyo nje, kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu, na vaa glavu nene.

Baada ya haya yote besi ndogo bado haitatikisa uwanja wa wazi. Ukumbi ukiwa mkubwa, weka maikrofoni kwenye tundu, uache kuikaza na kuilegeza ngoma ukitafuta kitu ambacho ukubwa wake hauwezi kutoa.

Pedali inateleza, au pete ya besi imepinda

Pete ya tomu ni bati la chuma lililokunjwa. Haikuumbwa kubanwa na pedali. Ukiikaza pedali juu yake inateleza. Ukiikaza zaidi, pete inapinda, na kiwambo kinapoteza usawa wake.

Dawa nyepesi: kipande cha raba ya tyubu ya baiskeli kati ya taya za pedali na pete. Kinasaidia kwa mpigaji mwenye mguu mwepesi.

Dawa ya kudumu ni kiinuzi. Mpe mchomeleaji, kama wale wa Katwe jijini Kampala, vipimo hivi: bati la chuma la milimita 4, upana sentimita 10, lenye ulimi mbele unaolingana na unene ambao taya za pedali zako zinashika. Juu yake kuna kitako kilichopinda kufuata duara la mzinga, kimefunikwa raba, na kinafungwa chini ya ngoma kwa ndoana mbili zinazoshika bolti za kukaza zilizopo. Hakuna tundu jipya. Pedali sasa inabana ulimi wa bati, pete inabaki huru. Pima urefu wa kitako ngoma ikiwa imeshawekwa miguu yake ya mbele, la sivyo utapata besi inayotazama juu.

Laza pete kwenye kioo. Ikiinuka zaidi ya milimita 2 mahali popote, inunuliwe nyingine. Pete iliyonyooshwa kwa nyundo huonekana sawa kwa macho, lakini ngoma haitakubali kurekebishika tena.

Besi inatembea mbele wakati wa kupiga

Angalia sakafu kwanza. Kwenye vigae au saruji iliyosuguliwa hakuna mguu wa raba utakaoshika. Tandika zulia la mita 1.5 kwa 1.2, kiti cha mpigaji kikae juu yake pia, ili uzito wake ulishike zulia. Kisha angalia miguu: lazima ielekee mbele na nje, na sehemu ya mbele ya ngoma iinuke sentimita 1 hadi 2 tu. Miguu iliyosimama wima haizuii kitu. Ikishindikana, fungia ubao wa inchi 2 kwa 2 kwenye zulia mbele ya besi.

Kama vishikio vya miguu vinacheza, mbao za ndani zimeanza kuchoka. Weka washa pana (kile kipete bapa cha bolti) au bati la milimita 3 upande wa ndani wa mzinga, nyuma ya kila kishikio. Mzinga wa plaiwudi ukishaanza kupasuka kuzunguka tundu, usiendelee kukaza. Mpelekee seremala apachike kiraka cha mbao kwa gundi ndani kabla ufa haujafika ukingoni.

Ngoma haikubali kurekebishwa: upande mmoja una mikunjo, mwingine unalia juu

Hapa ndipo watu wanapoteza saa nyingi na pesa nyingi za viwambo vipya. Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Toa kiwambo, futa ukingo kwa kitambaa kikavu, rudisha. Punje moja ya mchanga au tone la gundi kavu linatosha kuharibu kila kitu. Kaza kwa vidole, kandamiza katikati kwa kiganja hadi usikie gundi ya kiwambo ikilia kidogo, kaza tena.

2. Geuza kiwambo robo duara. Mikunjo ikihama pamoja nacho, kiwambo ndicho kibovu. Mikunjo ikibaki palepale, geuza pete vivyo hivyo. Ikihama na pete, pete imepinda. Isipohama na chochote, tatizo liko kwenye mzinga.

3. Angalia kama kiwambo kinazunguka kwa urahisi kikiwa kimekaa ukingoni bila pete. Kinapaswa kuelea. Mzinga huwa mdogo kuliko kipimo cha jina lake kwa takriban milimita 3, ili kiwambo kipate nafasi. Ukibandika karatasi ya mapambo, vinaili au rangi nene hadi mdomoni, nafasi hiyo inakwisha na kiwambo kinakwama. Kosa hili ndilo linaloongoza kwenye seti zilizopambwa nyumbani. Kata pambo kwa kisu kikali lishuke chini ya mstari ambao pete ya kiwambo inafika, kama sentimita 1.5 kutoka mdomoni, na usugue rangi iliyobaki hapo kwa msasa namba 220.

4. Pima kipenyo cha mzinga mahali panne. Tofauti ikizidi milimita 3, mzinga umekuwa yai. Hutokea sana kwa ngoma iliyohifadhiwa bila viwambo, au iliyokaa chini ya mizigo. Funga viwambo vyote viwili, kaza kwa usawa, acha wiki chache mahali pakavu. Plaiwudi nyembamba mara nyingi hurudi. Mbao nene hairudi.

5. Simamisha mzinga mtupu juu ya kioo katika chumba chenye giza, tochi ikiwa ndani. Mwanga unaopenya chini ya ukingo unaonyesha bonde. Pitisha karatasi hapo: ikipita bila kugusa, ukingo unahitaji kazi. Kwa sneya usishangae kuona mabonde mawili mapana, ya kina kidogo, yanayotazamana upande wa chini. Hayo yamechongwa makusudi ili nyaya zilale, na yasisawazishwe.

Bonde dogo unaweza kuliondoa mwenyewe. Bandika msasa namba 150 juu ya kioo, chora ukingo wote kwa penseli, zungusha mzinga taratibu bila kukandamiza. Penseli ikifutika duara zima, ukingo uko sawa. Malizia kwa namba 220. Vaa barakoa, hasa kama mbao ni mvule, maana vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Hapa simama. Kusawazisha ukingo kunapunguza ile pembe ya digrii 45 inayokibeba kiwambo, na kuirudisha kunahitaji mashine ya kuchonga iliyofungwa chini ya meza bapa. Tafuta seremala mwenye mashine hiyo, Ndeeba, Kampala, wapo. Umpe kipande cha mbao chakavu akichonge kwanza mbele yako. Grainda ya mkono haifai hata kidogo: inaunguza mbao na kuacha mawimbi. Vivyo hivyo kama unataka kufupisha kina cha tomu kutoka inchi 16 kwenda 12 ili iwe besi nyepesi: zungushia tepu ya karatasi mahali pa kukata ili plaiwudi isichanike, tumia msumeno wa meno madogo, na uhesabu kabisa kwamba ukingo mpya utachongwa na fundi.

Bolti hazishiki, au zinalegea katikati ya wimbo

Bolti za dramu nyingi zina kipimo cha 12-24: unene wa karibu milimita 5.5 na nyuzi 24 kwa inchi. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza M5 na M6. M6 haiingii. M5 inaingia mizunguko michache kisha inang'oa nyuzi za lagi, na hapo umepoteza lagi pamoja na bolti. Ngoma chache za zamani zilitumia nyuzi za milimita, kwa hiyo beba bolti moja nzima uende nayo dukani. Bolti sahihi huzunguka kwa vidole angalau mara tano bila kugoma.

Zinazolegea kwa mtikisiko, ambazo kwa kawaida ni zile mbili za sneya zilizo karibu na mkwiro unapogonga pete, zizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi moja na nusu. Usitie gundi kali. Siku ya kubadili kiwambo utalia.

Kuna kitu kinatetema na kuunguruma ndani

Mtu mmoja agonge, mwingine aguse kila kifaa kimoja kimoja kwa kidole. Mlio ukikatika, umempata mhalifu. Anza na nati za masikio na kile kipete cha tundu la hewa. Baadaye angalia lagi: nyingi zina springi ndani, nayo huimba. Fungua lagi, ijaze pamba au kipande cha sponji kuzunguka springi, funga. Bolti moja iliyolegea kabisa kwenye kiwambo cha chini hutoa mlio uleule, na watu huihangaikia lagi bure.

Nyaya za sneya zikiunguruma kila unapopiga tomu, hakuna kilichoharibika: tomu na kiwambo cha chini cha sneya viko kwenye sauti moja. Pandisha au shusha tomu kidogo. Muungurumo mdogo utabaki, na ndani ya wimbo hausikiki.

Sneya imekabwa koo, au nyaya hazijibu mkwiro mwepesi

Kagua kwanza nyaya: zikikazwa sana sneya inalia kama debe. Zilegeze mpaka ziachie, kaza mpaka zianze kujibu, ongeza nusu mzunguko. Halafu angalia kama zimekaa katikati, umbali sawa na ukingo pande zote mbili, na hakuna uzi uliovutika na kuning'inia. Uliovutika ukatwe pande zote mbili. Nyaya zikiwa 20, kukosa mbili si neno.

Ikishindikana, kitazame kiwambo cha chini. Cha sneya kina unene wa milimita 0.075 hivi, chembamba kama karatasi. Watu wengi huweka cha juu upande wa chini kwa sababu ndicho kilichopatikana, na hapo nyaya haziwezi kusikia chochote. Hakuna marekebisho mengine yatakayofaa mpaka kibadilishwe. Kikaze zaidi kuliko cha juu, lakini kwa taratibu, maana kinachanika.

Toazi limepasuka

Ufa kwenye tundu la katikati unatokana na chuma kusuguana na chuma. Weka kipande cha mpira mwembamba wa mafuta kwenye fimbo ya stendi, vipande vya feliti chini na juu, na nati isikazwe. Toazi lazima liyumbe. Ufa wa pembezoni utauzuia kwa muda ukitoboa tundu la milimita 3 mwisho wake hasa. Usikubali kulichomelea. Joto linaharibu ugumu wa shaba nyeusi, na toazi linabaki sufuria.

Ngozi ya mnyama imelegea

Wapo wanaoweka ngozi ya mbuzi kwenye tomu ili ipate sauti ya joto ya ngoma za Buganda, na ni wazo zuri. Karibu na Ziwa Viktoria unyevu wa msimu wa Machi hadi Mei huilegeza, kiangazi kinaikaza. Hiyo ni tabia ya ngozi, haina tiba. Ipashe moto kwa jua la asubuhi kwa dakika chache, usiipeleke kwenye jiko. Legeza bolti kila baada ya kupiga, kwa sababu ngozi iliyokazwa kwenye unyevu ikikauka ghafla hupasuka au kuvuta pete. Wakati wa kuwamba iloweshe usiku mzima, ikauke kivulini. Kama huna uzoefu wa kuwamba, mafundi wa Mpambire, barabara ya Masaka, wanaijua kazi hii kuliko duka lolote la muziki. Ngozi ya kenge, iliyozoeleka kwenye engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda, ni ya mnyama pori anayelindwa; tumia mbuzi.

Unga mwembamba chini ya mzinga na vitundu kama vya sindano ni bungua. Itenge ngoma hiyo na nyingine mara moja, kabla ya kutafuta dawa ya mbao.

Piezo haitoi sauti, inapiga mara mbili, au spika zinaunguruma

Wanaogeuza seti iwe ya umeme hutumia vidude vya piezo, yaani vihisi vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme, vya milimita 27 au 35. Kama hakuna sauti kabisa, waya uliokatika kwenye kiungio cha risasi ndio chanzo cha kwanza. Lehemu haraka, sekunde mbili au tatu tu. Joto likizidi, ule mduara mweupe wa kauri unakufa. Kama umeiunganisha na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), weka rezista ya megaomu 1 sambamba na piezo, na daiodi ya zena ya volti 5.1. Pigo la nguvu hutoa volti nyingi zaidi ya 5 ambazo pini inavumilia.

Pigo moja likisikika mara mbili, kaza kwanza kiwambo cha wavu (kile cha seti ya umeme), kisha ongeza muda wa kuzuia marudio kwenye moduli, yaani kisanduku kinachotoa sauti. Pedi moja ikiamsha nyingine, weka raba kati ya kishikio na fremu, halafu ndipo upandishe kizingiti, yaani nguvu ndogo kabisa ya pigo ambayo moduli inaitikia. Katikati pakilia kwa nguvu kuliko pembeni, sogeza piezo karibu na ukingo.

Muungurumo wa mfululizo hutoka kwenye waya usio na ngao unaopita kando ya waya wa umeme, au kwenye inveta ya bei ya chini ya sola. Jaribu kwenye soketi nyingine, kisha badili waya. Adapta iwe na volti na mwelekeo wa ncha ulioandikwa kwenye moduli. Ukiugeuza, moduli inaungua mara moja.

Usikate wala kuziba pini ya ardhini ya plagi ili kuondoa muungurumo. Umeme wa Uganda ni volti 240, na pini hiyo ndiyo inayokulinda. Ukihisi mshtuko hata mdogo unapogusa pete, stendi au maikrofoni, zima swichi kuu, usichunguze kwa mkono, na uite fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Seti isichomekwe tena mpaka apime waya wa ardhini wa soketi yenyewe, si wa amplifaya peke yake.